Mpango wa Safari Uliopokelewa kwa Mdomo

Kwa muda wote aliofanya kazi katika kiwanja cha ndege cha Gisenyi, Illuminée alikuwa akiandikisha safari za ndege kwa maneno mawili tu. Rubani alipokuwa akimalizia chai yake chini ya paa la mabati, yeye alibonyeza kitufe cha redio na kukiita kituo kikuu cha kuongozea ndege katika mji mkuu, na sauti ya Habineza ikamjibu: “Dada Illu, kama kawaida?” Naye akasema, “Kama kawaida.” Yakaishia hapo. Ndani ya maneno hayo mlikuwa na kila kitu: aina ya ndege, jina la rubani, njia itakayopitiwa kati ya milima, kimo cha kuruka, mafuta yaliyomo na idadi ya abiria. Habineza aliyaandika hayo yote kwa mkono wake, kwa kuwa aliyajua, na ndege ikaondoka.

Walikuwa hawajawahi kuonana. Illuminée, binti wa mvuvi, alizaliwa Kalehe, upande wa Kongo wa Ziwa Kivu, akarudi Rwanda pamoja na wazazi wake baada ya maafa ya mwaka wa tisini na nne. Habineza alilelewa Uvira, huko huko Kongo. Kwa hiyo, ingawa kazini walitakiwa kusema Kifaransa, kila hewani palipokuwa kimya waliingia katika Kiswahili cha kwao na kutaniana kidogo.

“Sambaza za kwenu ziko na vichwa bado?” Habineza aliuliza, akiwataja wale dagaa wadogo wa ziwani ambao mama yake Illuminée aliwauza ufukoni.

“Ziko na vichwa kupita watu wa ofisi yenu.”

“Aa, dada! Hiyo mi naiandika kwa plan de vol,” akasema, yaani katika mpango wa safari.

Ndivyo walivyofanya kazi, wala hakuna ndege iliyopotea.

Mwaka wa tisini na nane, mvua za vuli zilipoanza, ukaja waraka. Ulisema kwamba kompyuta za kituo kikuu zilikuwa zimezeeka, kwamba zisingeweza kuutambua mwaka wa elfu mbili utakapowadia, na kwamba zingebadilishwa. Mpaka kazi hiyo ikamilike, hakuna mpango wa safari ambao ungepokelewa kwa mdomo. Mipango ya kudumu iliyohifadhiwa katika mashine za zamani ilikuwa imefutwa yote. Kila safari ingeandikwa upya na kwa ukamilifu, itiwe sahihi na mkuu wa kiwanja, itumwe kwa faksi siku iliyotangulia, kabla ofisi hazijafungwa.

Mkuu wa kiwanja, Mzee Sebahire, aliyekulia uhamishoni Tanzania na kusoma huko, aliusoma waraka ule akiwa amesimama, miwani imeteremka puani.

“Dada yangu,” akamwambia Illuminée, “kuanzia Jumatatu midomo yetu imefungwa. Sasa karatasi ndiyo itakayosema.”

“Na faksi hatuna, mzee.”

“Ipo posta. Utashuka mjini, utapanda. Miguu Mungu amekupa.”

Illuminée alishuka na kupanda. Aliishika amri ile kwa ukali ambao wengine waliuona umezidi. Katikati ya juma la kwanza alifika mfanyabiashara mmoja wa Mahoko, jasho likimtiririka, akitaka kiti katika ndege iliyokuwa ikipasha moto injini. Illuminée akamwambia kwamba idadi ya abiria ilikwisha kutumwa jana yake.

“We mama, kiti iko pale, mi naiona na macho yangu! Ndege itabeba upepo?”

“Kiti iko. Lakini kwa karatasi hauko. Ungekuya jana.”

“Jana sikukuwa najua nitasafiri! Ordinateri yenu, hiyo kompyuta, inataka tuote safari mbele ya kulala?”

Wapagazi wakaangua kicheko, hata askari wa lango akageuka kuficha meno. Illuminée hakucheka. Mtu yule akabaki amekaa juu ya mzigo wake, ndege ikapaa na kiti kitupu, wala moyo wa Illuminée haukumsuta. Amri ilikuwa amri.

Siku chache baadaye mama yake akaanguka sokoni.

Mukasine hakuwa mwanamke wa kuugua. Kila alfajiri aliteremka kutoka Nengo, walikokaa, hadi ufukoni kuipokea mitumbwi, na mumewe Bimenyimana, kiongozi wa kundi la wavuvi, hakuthubutu kumpimia sambaza mtu mwingine kabla yake. Siku hiyo alishika tumbo, akaketi juu ya kikapu chake mwenyewe, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya, kisha akalala ubavu. Wakamkimbiza hospitalini. Daktari alimpapasa, akamtazama macho, akamwita Illuminée kando.

“Utumbo umejisokota,” alisema. “Anahitaji kupasuliwa. Akifika mezani kesho kabla ya jua la utosi, ana tumaini. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi kitu.”

“Na hapa?”

“Hapa hatuna wa kumpasua. Na Goma msijisumbue, yule daktari waliyekuwa naye ameondoka tangu vita vya mwezi wa nane.”

Barabara ya kwenda mji mkuu kupitia Ruhengeri ilikuwa ya mashambulizi ya waasi. Magari yalikwenda kwa msafara, na wanajeshi mbele na nyuma, na msafara haukuwapo mpaka mwisho wa juma. Hata kama ungekuwapo, mashimo yale yangemmaliza njiani. Ikabaki ndege.

Illuminée akapanda kiwanjani mbio, akamwita redioni Johnson, rubani aliyekulia Uganda, ambaye mchana huo alikuwa amekwisha kurudi mji mkuu. Johnson hakumwacha amalize.

“Mama yako ni mama yangu,” akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika. “Kesho ndege haina kazi. Mimi natoa viti, naweka godoro. Plan ya kuja naandika mwenyewe hapa, sasa hivi. Lakini ile ya kurudi lazima itoke kwenu. Unaelewa, dada? Itoke kwenu, leo.”

“Naelewa.”

Na hapo ndipo shida ilipokuwa. Karatasi alikuwa nayo. Aliijaza upesi, hata sehemu ya idadi ya abiria. Lakini sahihi ilikuwa ya Sebahire, na Sebahire alikuwa ameondoka asubuhi kwenda Kanama kumposea mwana wa ndugu yake mchumba. Shughuli za namna hiyo haziishi haraka: wazee hujibizana kwa mafumbo, hukataa, hukubali, hunywa, huanza upya. Angelala huko.

Haikuwa mbali. Chini barabarani palikuwa na basi dogo la Mahoko na Kanama likijaza abiria, utingo akipiga ubavu wa gari kwa kiganja na kuita. Illuminée alifika hadi mlangoni pake, karatasi kifuani. Jua lilikuwa bado juu. Kama angepanda, angemkuta mzee miongoni mwa wageni, angemtoa nje kwa heshima, angepata sahihi juu ya goti, na kurudi posta kabla haijafungwa. Alilijua hilo wakati ule ule, si baadaye.

“Mama, unaingia ao unatuangalia tu?” utingo akamwuliza.

Kilichomzuia ni mawazo ya mama yake peke yake kitandani. Bimenyimana alikuwa amekwenda kuwatafuta wavuvi wa kumbeba mgonjwa kesho yake, na mlangoni pa wodi Mukasine alikuwa amemshika binti yake kidole kimoja, kama mtoto, na kusema: “Usikawie.” Illuminée akautoa mguu wake kwenye ngazi. Akajiambia: nimwulize Habineza kwanza. Akisema haiwezekani, nitalikimbilia basi hili, bado halijajaa.

Akarudi redioni.

“Dada Illu,” ikajibu sauti ile. “Siku hizi mumetunyima hata salamu, munatutumia karatasi tu kama watu wa kodi.”

“Habineza, ni mama yangu.”

Utani ukakatika. Akamweleza yote: ugonjwa, maneno ya daktari, Johnson, Sebahire aliye Kanama.

“Nikienda kumutafuta, namwacha mama peke yake. We unaweza kuniandikia hiyo plan kama zamani? Kesho mi nitaleta karatasi na sahihi. Na kama haiwezekani, uniambie tu. Basi ya Kanama iko hapa chini, naiona.”

Redio ikanguruma tupu. Illuminée alikuwa akitazama nje ya dirisha, akimwona utingo anavyosukuma mizigo ndani ya gari.

“Habineza? Unanisikia?”

“Nakusikia, dada.” Kisha: “Ntakibazo. Enda kwa mama.”

“Kweli?”

“Enda kwa mama, dada. Ntakibazo.”

Nta kibazo, hakuna tatizo: ndilo neno la Kinyarwanda ambalo kila aliyevuka mpaka huu hujifunza kabla ya mengine. Illuminée alikaa kidogo, akapangusa macho, akamshukuru Mungu kwa rafiki wa namna ile. Alipotoka nje, basi lilikuwa likikata kona.

Jioni hiyo alikaa na mama yake, akawasimulia wazazi wake jinsi Habineza wa redio alivyokubali kuwasaidia, naye hakujuta. Mukasine alikuwa amepewa sindano ya maumivu, akapata nguvu ya kusema.

“Na kikapo yangu ya samaki, batakubali niingie nayo?”

“Watasema inanuka, mama.”

“Kunuka! Hiyo ndege yao hainuke petroli? Harufu yangu ni ya chakula.”

Bimenyimana, aliyekuwa ameketi chini ukutani, kofia mikononi, akainua uso. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye mikono ya kasia, na tangu mchana hakuwa amejua aiweke wapi.

“Miaka yote ulikuwa unanikataza kuingia ziwa kama wimbi iko,” akasema. “Leo we mwenyewe unapanda juu ya mawingu.”

“Ukae kimya, Bimenyimana. Nani atakupikia nikiwa huko?”

“Nitakula mbichi.”

Mukasine akacheka, tumbo likamshika, akaacha. Akaomba waimbe ule wimbo wa rozari aliofundishwa na masista utotoni, wakauimba kwa sauti ya chini mpaka akasinzia.

Asubuhi wavuvi wakaja na ingobyi, ile machela ya kusuka ambayo wagonjwa wa milimani hubebewa mabegani. Hawakuwa wakulima; walizoea kasia na nyavu. Hata hivyo walimbeba kwa mwendo mmoja, wakipokezana bila kuambiana, na Bimenyimana mbele akiondoa mawe njiani kwa mguu. Mbingu ilikuwa safi. Ziwa lilikuwa limetulia, na volkano ilionekana mpaka kileleni. Walipofika kiwanjani walimlaza chini ya bawa la ndege, maana Johnson alikuwa amekwisha kutua.

“Mama, karibu nyumbani kwangu,” Johnson akasema, akipiga magoti. Mukasine akamtazama kwa makini kuona kama ndiye rubani.

“We njo unaendesha? Umekula?”

“Nimekula, mama.”

“Muzuri. Mutu wa njaa asinibebe.”

Walimwingiza, wakamfunga kwenye godoro kwa mikanda ya viti. Illuminée akaingia ofisini kuomba ruhusa ya ndege kuondoka. Akaita. Sauti iliyomjibu hakuijua.

“Ndege hiyo haina mpango wa safari kutoka kwenu,” ikasema kwa Kifaransa kikavu.

Illuminée akadhani hakusikia vizuri. Akaeleza kwamba mpango ulipokelewa jana, kwa redio, na Habineza.

“Mama, mipango haipokelewi kwa redio. Waraka mnao. Meza ya Habineza haiingizi tena mipango katika mashine, tangu juma lililopita.”

“Basi nipe Habineza.”

“Hayupo hapa.”

“Yuko wapi?”

“Hayupo, mama. Tuma kwa maandishi, pamoja na sahihi. Tutauingiza mara moja, nakuahidi, ukisema ni mgonjwa.”

Illuminée alikaa akiwa ameshika kipaza sauti kama mtu aliyeshika mkono wa maiti. Kisha akatoka mbio.

Johnson, aliposikia, alitaka kuondoka hivyo hivyo. Lakini kiwanja kilikuwa chini ya ulinzi wa jeshi, na luteni wa zamu, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, akaja akasimama mbele ya ndege.

“Nipe namba ya mpango,” akasema.

“Ndani mna mgonjwa, afande. Angalia mwenyewe.”

“Nimemwona. Nami nina mama.” Sauti ya luteni haikuwa ya ukali. “Lakini ndege isiyo na namba, ikipita juu ya milima hii, wanajeshi walioko kule vilimani wataipiga bila kuuliza ndani kuna nani. Wameamriwa. Mimi nitawaambia nini? Nipe namba, nitakusukumia ndege kwa mikono yangu.”

Mvuvi mmoja aliyekuwa na pikipiki akatumwa Kanama. Hao waliobaki wakangoja. Johnson alifungua milango yote miwili ili hewa ipite. Bimenyimana alikaa ndani kando ya godoro, magoti yakimgusa kidevu, na Illuminée alisimama nje akimshika mama yake mguu, kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyingine. Mukasine hakuuliza kwa nini hawaondoki. Labda alidhani ndivyo ndege zinavyoanza, kwa kukaa.

“Bado tuko chini?” aliuliza mara moja tu.

“Kidogo tu, mama.”

“Ah. Mi nilizani tumefika.”

Sebahire alirudi juu ya pikipiki ile, amevaa suti yake ya sherehe, tai imepeperuka begani. Hakukemea. Alitia sahihi akiwa wima, karatasi juu ya tangi la pikipiki, akaichukua mwenyewe posta. Faksi ikaingia kwa mara ya kwanza ikakwama, kwa mara ya pili ikapita. Na sauti ile ngeni ilitimiza ahadi yake: mpango uliingizwa mara moja, na namba ikasomwa redioni, tarakimu baada ya tarakimu. Illuminée akairudia kwa sauti kubwa hata luteni akaisikia kule nje na kuondoka mbele ya ndege.

Lakini mvua ilikuwa imekwisha kushuka kutoka volkano. Katika majira hayo asubuhi huwa ya watu na mchana huwa wa mvua. Kila rubani wa njia ile alijua hivyo, na ndiyo sababu Johnson alitua mapema. Kwanza kilele kilipotea, kisha vilima, kisha mwisho wa kiwanja wenyewe. Johnson akawasha injini, akaenda hadi mwanzo wa njia ya kurukia, akasimama pale, vipangusio vya kioo vikihangaika. Mbele yake palikuwa na ukuta mweupe, na nyuma ya ukuta ule palikuwa na mlima. Alingoja. Alijaribu kusogea, akangoja tena. Mwishowe akazima injini, akainamisha kichwa juu ya usukani wake.

Ndani, Bimenyimana alikuwa ametandaza koti lake juu ya mkewe na kuinama ili matone yaliyopenya mlangoni yampate yeye. Alikuwa akimwambia kitu sikioni, kwa Kinyarwanda, kwa muda mrefu. Mvua ilipopungua na Johnson akageuka kusema kwamba sasa wanaweza kwenda, mzee alinyoosha mkono, akamgusa begani.

“Zima, mwanangu,” akasema. “Mwenye safari amefika.”

Walimrudisha Nengo kwa ingobyi ile ile.

Wakati wa maombolezo ua ulijaa. Wavuvi hawakuingia ziwani, wauza samaki walikuja na maharage na viazi, majirani wakaleta mbao za kukalia. Johnson alikuja, akachimba kaburi pamoja na wengine mpaka viganja vikamchubuka. Sebahire alisema maneno machache ya heshima. Watu walimsifu marehemu kwa ulimi wake na kwa mizani yake, na mara kwa mara kicheko kilizuka, kisha kikaona haya na kunyamaza. Illuminée alihudumia, akaosha, akapokea mikono ya watu. Ndani yake alikuwa ameyapanga, neno moja baada ya jingine, yale atakayomwambia Habineza siku atakayoisikia sauti yake. Hakujua kwamba ataisikia uani kwao.

Msafara wa mwisho wa juma ulipofika, mtu mwembamba mwenye begi la mkononi alisimama nje ya ua akiuliza kama hapa ndipo kwa Bimenyimana. Illuminée, aliyekuwa amejipinda akichota maji pipani, alimjua kabla ya kuinua kichwa. Alikuwa mfupi kuliko alivyodhani, na mvi zilikuwa zimemwanza.

Wakasogea kando ya ukuta. Hawakushikana mikono.

“Ulijua?” Illuminée akamwuliza.

“Nilijua.”

“Tangu lini?”

“Tangu ulipofungua kinywa. Ile mashine mupya mi sina ufunguo wake. Nilizani nitaenda kwa bale ba chumba ya faksi, niwaombe. Nilienda, dada. Nilienda mara mbili. Wakaniambia bila sahihi hapana. Nikarudi kwa redio, we ulikuwa umeisha kufunga.”

“Na asubuhi?”

Habineza alitazama chini.

“Asubuhi nilikaa inje, nyuma ya nyumba. Sikuweza kukamata redio.”

“Basi ilikuwa pale,” Illuminée akasema. Alikuwa amejiandaa kupiga kelele, lakini sauti ilitoka ndogo. “Nilikuambia. Nilikuambia basi iko pale naiona. Ungesema hapana. Neno moja. Ningekuwa Kanama mbele ya jua kushuka.”

“Ulisema ni mama yako,” Habineza akajibu, na machozi yakaanza kumtoka bila yeye kuyafuta. “Mutu akisema ni mama yake, utamujibu hapana na kinywa gani? Kwetu tulilelewa vile. Kama hauna maziwa unasema yanakuja. Mi nilisema yanakuja. Nilisema sababu nilitaka yakuye.”

Illuminée alimtazama mtu yule, ambaye kwa miaka alikuwa amemwamini kuliko wengi aliokula nao, na chuki aliyokuwa ameitunza siku zote zile ikawa nzito mkononi bila mahali pa kuitua. Kusamehe nako hakukuja.

“Illu!” Bimenyimana akaita kutoka ndani ya ua. “Mugeni iko amesimama na we haumuletee kiti? Mama yako angekupiga.”

Wakaingia. Mzee alikuwa ameketi kwenye jamvi katikati ya wanaume, ndevu hazijanyolewa, kofia magotini. Akauinua uso kumtazama mgeni.

“Ni nani?”

“Ni Habineza, papa. Wa redio. Wa mji mkuu.”

Uso wa Bimenyimana ukabadilika. Akajaribu kuinuka, wenzake wakamsaidia.

“Njo huyu?” akasema. “Huyu njo ulituambia usiku ule? Rafiki aliyeshika maneno yetu, akasema mama asihangaike? Mukasine alilala akiwa anamuombea. Alisema, kumbe hata kule kwa wakubwa tuko na mutu.” Akamgeukia binti yake, macho yakiwa yamejaa. “Njo yeye alitupigania, Illu?”

Habineza alisimama bila kujitetea, begi mkononi, akingoja. Alikuwa amekuja kulikubali kosa lake, na hangekana. Illuminée alikuwa na maneno yote tayari. Yalikuwa ya kweli, na kila mtu pale angemwelewa. Akamtazama baba yake, mikono ile mikubwa iliyonyooshwa kumpokea mgeni, na akaona kwamba kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki cha kumfariji mzee yule, na kwamba yeye ndiye aliyeombwa akiondoe.

“Njo yeye, papa,” akasema.

Bimenyimana akamshika Habineza mikono yote miwili, akamketisha karibu naye, mahali ambapo ndugu wa damu hukaa, akaagiza mgeni aletewe kinywaji. Habineza alijikunyata kama mtu aliyepigwa. Illuminée akaenda ndani, akamimina, akarudi, akampa kikombe kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka, bila kumtazama usoni. Kisha akatoka nje ya ua na kukaa juu ya jiwe, akiegemeza kisogo ukutani, akisikia baba yake anavyoanza kumsimulia mgeni, tangu mwanzo na kwa utaratibu, jinsi Mukasine alivyokuwa.